Mama, bodaboda zipo

Jumamosi moja asubuhi huko Mkundi, nje kidogo ya Morogoro mjini, dalali kijana alikuwa akipiga hatua ndefu katikati ya majani, akihesabu mita kwa sauti. Nyuma yake alikuja mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 58, viatu mkononi, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha. "Mama, hiki ni 20 kwa 20, kimepimwa, lami inapita pale kwenye ule mwembe," kijana alisema. Mwalimu akautazama mwembe, akaitazama milima ya Uluguru, kisha akauliza: "Mwanangu, zahanati iko wapi?" Kijana akakuna kichwa. "Mama, bodaboda zipo."

Mwalimu huyo ni mama mdogo wangu, anayekaribia kustaafu. Nimeandika habari za ardhi kwa miaka kadhaa, na sikumbuki tangazo la kiwanja lililotaja zahanati. Hutaja lami, nguzo ya umeme, malipo kwa awamu, na siku hizi stesheni ya treni ya umeme, SGR. Muuzaji anamwona mnunuzi wa miaka 40 mwenye gari, hata pale pesa inapotoka kwa mtu wa miaka 60 anayeuguza goti.

Na pesa yenyewe inatoka wapi? Kwa mtumishi wa umma inatoka PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kikokotoo chake, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kimezua kelele nyingi kuliko kodi yoyote. Mwaka huohuo wa 2018 kanuni mpya zilitaka mstaafu apewe asilimia 25 kwa mkupuo, zikasitishwa kabla mwaka haujaisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata nusu, na 35 kwa wale wa asilimia 25.

Tupige hesabu. Mtumishi ametumikia miezi 360, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Chukua mshahara wa mwaka, zidisha kwa miezi aliyotumikia, gawanya kwa 580, unapata pensheni ya mwaka ya takriban milioni 8.9. Asilimia 40 yake ikizidishwa kwa 12.5 inakuwa kiinua mgongo cha kama milioni 44.7. Kinachobaki kinamletea takriban shilingi 447,000 kila mwezi. Aliyezoea milioni moja na laki mbili, hata baada ya makato, anashuka ngazi nyingi kwa mara moja.

Hiyo milioni 44 ndiyo inayosubiriwa na madalali, mafundi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Katika miji yetu utazijua nyumba zilizoanzishwa na kiinua mgongo: kuta zimefika kwenye renta, nondo zimesimama juu zikipata kutu, na chumba kimoja kimeezekwa haraka ili mwenyewe ahamie. Mtaani nyumba kama hiyo tunaiita pagala. Simlaumu mtu, mshahara wa miaka 30 ulisomesha watoto. Lakini kuanza msingi ukiwa na miaka 60 ni kuweka karibu pesa yote mahali pasipolipa hata senti mpaka paa lipande, na kwa wengi haliwahi kupanda.

Wanaofanikiwa kupaua huongeza fremu mbili za duka mbele. Fremu ni pensheni ya pili ya Mtanzania, na mahali penye watu hulipa kweli, tena kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba kiwanja ambacho mstaafu anakimudu huwa kule ambako watu bado hawajafika. Nimepita mitaa mipya ya Chanika na Kibaha nikahesabu fremu tano zimefungwa kwa kila moja yenye duka. Hatifungani za Serikali, ambazo huanzia shilingi milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, hazihitaji mpangaji wala plasta. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 12 ni milioni 1.2 kila miezi sita. Ila hatifungani haina kibaraza cha kukalia jioni, na nadhani ndiyo maana mabati bado yanaishinda.

Gharama za nyumba pia hazistaafu. Kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, lakini mita haijui umri wa mtu. Usipokwenda kuomba msamaha ukiwa na vielelezo vyako, itaendelea kukata. Na hati? Kiwanja kinachouzwa kwa karatasi ya mtendaji wa mtaa ni rahisi leo na kinaumiza kesho, hasa kesho ambayo mwenyewe hayupo na watoto ndio wanaotafuta mashahidi wa mauziano.

Njia ya zamani zaidi ni kurudi kwao. Mwajiri wa umma humlipia mstaafu nauli na kumsafirishia mizigo hadi nyumbani, na mafaili yanadhani kila mtu anajua nyumbani ni wapi. Mchaga ana kihamba, Mhaya ana kibanja. Hapo shamba linalisha na makaburi ya wazee yapo uani. Kwa anayerudi Moshi hesabu inakubali: hospitali ya KCMC iko jirani. Wa kanda ya ziwa ana hospitali ya Bugando. Lakini kurudi Liwale, mbali na hospitali kubwa, si sawa na kurudi Moshi, na shinikizo la damu haliulizi kabila.

Kisha kuna suala ambalo halimo kwenye kikokotoo. Mama mdogo ni mjane. Marehemu mume wake alikuwa wa Singida, yeye mwenyewe kwao ni Masasi, watoto wako Dar es Salaam na Dodoma. Singida kuna nyumba waliyoijenga wote wawili, lakini imo ndani ya kiwanja cha ukoo, na shemeji zake wana adabu nzuri sana kila anapokwenda kwa siku tatu. Masasi aliondoka akiwa na miaka 17. "Nikienda huko nitakuwa mgeni mwenye nywele nyeupe," aliniambia. Wastaafu wengi wanawake wako hapo alipo, na soko linaendelea kuwauliza: kwenu wapi?

Ndiyo sababu Morogoro imeingia kwenye mazungumzo. Tangu treni ya umeme ianze safari katikati ya 2024, Dar es Salaam iko chini ya saa mbili, kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida. Mwenye miadi ya kliniki Muhimbili anaweza kwenda asubuhi na jioni akala nyumbani. Dodoma nayo ina Hospitali ya Benjamin Mkapa na iko kwenye reli hiyohiyo. Madalali wamelishika jambo hilo upesi, na bei za viwanja vya Kihonda, kulikojengwa stesheni, hazizungumziki tena kwa mtu wa pensheni.

Cha ajabu ni biashara ambayo haipo. Makazi ya wazee tunayoyajua, Nunge kule Kigamboni, Fungafunga hapo Morogoro, Sebleni na Welezo Unguja, ni ya Serikali na ni kwa ajili ya wasio na wa kuwatunza. Mstaafu mwenye pensheni yake, anayetaka nyumba ndogo ya kupanga isiyo na ngazi, choo chenye cha kushikia, na muuguzi anayepita mara moja kwa wiki, hana wa kumuuzia. Wawekezaji huniambia soko ni dogo. Wana haki kiasi: wazee wengi walilima au kuvua maisha yao yote na hawana mfuko wowote, na Zanzibar, iliyoanza 2016 kuwalipa pensheni jamii wenye miaka 70 na zaidi, bado ni ya pekee nchini. Lakini walimu, wauguzi na makarani wanaotoka kazini kila mwaka si wachache, na pensheni yao inaingia benki kila mwezi bila kuchelewa kama anavyochelewa mpangaji wa fremu. Kwa mwenye nyumba, huyo ni mteja wa kugombewa.

Mkundi hatukununua. Mama mdogo alimpa kijana elfu tano ya usumbufu, akavaa viatu, tukapanda bajaji. Wiki mbili baadaye, shule zilipofunga, alihamia kwa likizo Kihonda, kwenye chumba na sebule cha kupanga. Anasema hatanunua popote kabla hajarudi hapo likizo mbili au tatu, masika na kiangazi. Ana daftari. Ameandika maji yanatoka siku gani, bajaji ya kwenda hospitali ya mkoa saa nne usiku ni shilingi ngapi, na jirani gani alimwamkia.