Kuchaji kumoja, kasi mbili

Neno ‘kuchaji’ tumelizoea, lakini kwenye gari la umeme linaficha kazi mbili. Nyaya za umeme huleta mkondo geu. Betri hupokea mkondo mnyoofu tu. Kwa chaja ya kawaida, gari lenyewe huugeuza umeme, taratibu. Chaja ya kasi huugeuza kabla haujafika garini: ya kilowati 50 humimina kwa saa moja umeme ambao ya kilowati 7 huchukua saa saba.

Sasa tutazame uwanja wa ndege wa Malindi. Aliyeacha gari akaruka Nairobi siku tatu, haba na haba yamtosha. Teksi inayongoja abiria wa Watamu je? Ikikosa kasi, dereva hukosa riziki. Basi tukidai ‘chaja’ tu, tutaletewa ipi?