Mume ni kocha, mke yuko kwenye tiba ya saratani: wiki zipi awe nyumbani?

Kama nyumbani kwenu kuna mwanamke aliyeanza matibabu ya saratani ya matiti, makala haya ni yako, uwe wewe ndiye mgonjwa, mama mkwe, wifi, au dada uliyeitwa kuja kusaidia. Tumechukua mfano wa familia ya kocha wa mpira kwa sababu kazi yake haina maficho. Mechi ina siku yake, basi la timu lina saa yake ya kuondoka, na kufungwa mara tatu mfululizo kunatosha kumwondoa mtu kazini. Dereva wa lori, mfanyakazi wa reli na mfanyabiashara wa minadani wataona hali yao humu humu.

Mwaka 2023 Monty Williams, kocha wa mpira wa kikapu nchini Marekani, alikuwa katikati ya mechi za mtoano na timu ya Phoenix Suns mke wake alipogundulika kuwa na saratani ya matiti. Msimu ulipoisha Suns walimwachisha kazi. Detroit Pistons walipomfuata, kwanza alikataa. Alikuja kukubali baadaye, na alipotambulishwa mwezi Juni aliwaeleza waandishi wa habari kuwa ugonjwa wa mke wake ulionekana mapema na matibabu yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kocha anayelipwa mamilioni ya dola anaweza kusema hapana, na watoto wakaendelea kula. Kocha wa hapa, mwenye mkataba wa msimu mmoja, hana nafasi hiyo. Mshahara wake ndio nauli ya kwenda Mwanza, ndio malipo ya vipimo, ndio ada ya shule. Kwa hiyo kumwambia "achague kazi au mke" ni kumwonea. Swali lenye faida ni hili: kati ya wiki zote za matibabu, ni zipi ambazo hafai kuwa mbali, na ni zipi mgonjwa anaweza kubaki na ninyi?

Swali hilo lina jibu, kwa sababu tibakemikali, yaani zile dawa za saratani zinazowekwa kwa dripu, ina mzunguko wake. Mara nyingi mgonjwa hupewa dozi moja kila baada ya siku 21, na dozi hufika nne, sita au nane. Wengine hupewa kila wiki, hivyo mwulizeni muuguzi wa kliniki wenu. Mkishapata tarehe, chukueni karatasi moja mwandike ratiba ya dripu na ratiba ya ligi bega kwa bega. Tangu Tabora United ipande Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, wanaokwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi wanajua mambo yalivyo: wiki hii timu iko nyumbani, ijayo iko Mbeya, kisha Dar es Salaam. Hapa hatumzungumzii kocha yeyote wa timu hiyo. Tunazungumzia zile safari.

Siku nne tano za mwanzo baada ya dripu ni za kichefuchefu, kutapika na uchovu. Zinachosha, lakini mama mkwe au wifi anaziweza. Mgonjwa apewe dawa za kuzuia kutapika kwa saa alizoandikiwa, asingoje mpaka atapike. Ale kidogo kidogo: uji mwepesi, wali laini, matobolwa kama tumbo linayakubali. Kwa saa 48 baada ya dripu, dawa bado hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi yake. Vaa glavu unaposafisha, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mwenye mimba au anayenyonyesha asiifanye kazi hiyo, hata kama ndiye binti mkubwa wa nyumba.

Siku za hatari ni zinazofuata, takriban siku ya 7 hadi ya 14. Mgonjwa huonekana amepata nafuu. Amekaa kibarazani, anacheka na majirani, na mume anaona sasa anaweza kusafiri kwa moyo mweupe. Ndani ya mwili, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu zimeshuka mno. Kijidudu ambacho wewe kingekupa mafua tu kinaweza kumuua yeye ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi dalili pekee ni homa.

Na homa, Tabora, tumeizoea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 23 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani humu, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Ndiyo maana mtu akipata joto, mkono wa kwanza huenda kwenye dawa ya mseto, wa pili kwenye panadol, kisha tunasubiri kesho. Kwa mgonjwa aliye kwenye tibakemikali kusubiri huko ndiko kunakoua. Nunueni kipimajoto duka la dawa, kikae mahali panapojulikana. Kikisoma 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kama kipimo hakijafika hapo, aende hospitali saa hiyo hiyo, iwe saa nane ya usiku. Usimpe panadol kabla ya kupima, maana huficha joto. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini kipimo kikionyesha malaria bado daktari aangalie damu yake, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Ukifika mapokezi usiseme tu "ana homa," kwa sababu utawekwa kwenye foleni pamoja na homa nyingine zote. Sema: "Yuko kwenye dawa za saratani, aliwekewa dripu tarehe fulani, na sasa ana homa." Mwonyeshe mhudumu kadi ya kliniki. Maneno hayo ayajue kila mtu anayelala nyumba hiyo, na mtoto mkubwa pia.

Kwa hiyo, kama kocha ana safari moja tu anayoweza kumwachia msaidizi wake, iwe ile inayoangukia siku ya 7 hadi ya 14. Wiki ya tatu, chembe zinapopanda na mgonjwa anapata nguvu, asafiri. Wanaume wengi hufanya kinyume: hukaa nyumbani siku za kutapika kwa sababu zinaonekana, kisha huondoka siku za hatari kwa sababu hazionekani. Ikishindikana kabisa kubaki, aache mambo matatu: simu ya mtu mwenye gari au bajaji anayekubali kuamshwa usiku, pesa ya hospitali iliyo mkononi mwa mtu aliye nyumbani, na jina la mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua. Tumeona mgonjwa akikaa na homa hadi alfajiri kwa sababu mume hakupatikana kwenye simu na hakuna aliyethubutu kuamua.

Nchi hii ina historia ndefu ya waume walio safarini. Wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, safari ya pwani peke yake ilikula miezi mitatu au zaidi kwa upande mmoja, na wanawake walibaki na mashamba na wagonjwa. Siku hizi kuna treni, basi na simu, lakini aliyebaki nyumbani bado ndiye anayeamua usiku.

Sasa ruhusa ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, ilimpa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenza, mzazi na ndugu wengine wa karibu. Ugonjwa wa mwenza haukutajwa. Mume angepewa siku za kumzika mke lakini si za kumuuguza, jambo ambalo kwetu ni gumu kulimeza. Sheria imefanyiwa marekebisho tangu hapo, hivyo aende kwa afisa kazi wa mkoa aulize ilivyo sasa, na asome mkataba wake wenyewe. Likizo ya mwaka, siku 28, ipo. Asiimalize mwezi wa kwanza, wakati nyumba imejaa ndugu na kila mtu analeta kuku. Mwezi wa tano ndugu wamerudi makwao, na mara nyingi ndipo mionzi inapoanza.

Mionzi haitolewi Tabora. Hospitali ya Kitete inaweza kumwona mgonjwa na kumwandikia rufaa, lakini kwa mionzi atakwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Huwa ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi tano. Huko ndiko siku 28 zinakotakiwa. Kabla ya kusafiri, ulizeni bima ya klabu kama inamhusu mwenza, na ulizeni hospitali kuhusu mahali nafuu pa kulala.

Kocha amweleze mwenyekiti wa klabu na msaidizi wake mapema, kwa idhini ya mke. Wengine huficha wakiogopa kuonekana dhaifu, kisha wanakosa mazoezi bila maelezo na uongozi unafikiri wanatafuta timu nyingine. Na mke mwenyewe aulizwe. Wapo wanaotaka mume awe pembeni ya kitanda. Wapo wanaotaka aende akafundishe, redio iwekwe chumbani wasikilize mechi, nyumba isinuke ugonjwa kila saa.

Asali ya Tabora mtaletewa, na mizizi pia. Asali ni chakula, haitibu saratani. Mizizi msimpe bila kumwambia daktari, kwa sababu baadhi huumiza ini ambalo tayari linafanya kazi ya kuondoa dawa kali.

Nawe unayeuguza, kama mgonjwa ni mama yako, dada yako au binti yako wa damu, uwezekano wako wa kupata ugonjwa huu unaweza kuwa mkubwa kuliko wa wengine. Siku mnayompeleka kliniki, mwambie muuguzi akupime matiti na wewe. Uvimbe usiouma, ngozi iliyovutika kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, yote hayo yaonyeshwe wiki hiyo hiyo.