Tuokoe Mti Uliobaki Kidogo

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako wamebaki kuku wawili tu, jike na jogoo, je, utawachinja? Hapana. Utawalinda mpaka watage na kuangua. Mti uliobaki kidogo hutunzwa vivyo hivyo.

Uko mti ambao wataalamu huuita Karomia gigas. Ni mti mrefu wa misitu ya pwani. Mwaka 1977 ulionekana Kenya, lakini miti ile ilikatwa. Mwaka 1993 mti huo ulionekana Tanzania, katika Kilwa. Kisha ukapotea machoni pa wataalamu, hata ikadhaniwa kuwa umekwisha duniani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuona tena. Miti iliyobaki ni michache sana.

Kwa nini umepungua? Kwanza, misitu imefyekwa na kuchomwa moto. Pili, mbegu zake ni dhaifu. Mwaka 2018 maelfu ya matunda yalipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani. Matunda yalipopasuliwa, mbegu nzima zilikuwa chache mno. Nyingi zilikuwa zimeharibiwa na kuvu. Hata hivyo, zile chache zilitoa miche.

Hapo tunapata funzo. Tukingoja mpaka ibaki miti michache, hata mbegu ni taabu kupata. Tuanze mapema kuotesha miti yetu ya asili, kama mninga na mpingo.

Fanya hivi:

1. Usikate mti mzazi. Huo ndio ghala la mbegu.
2. Okota mbegu zilizokomaa, kutoka miti kadhaa. Tupa zilizotobolewa na zenye ukungu.
3. Jaza udongo mzuri katika viriba. Panda mbegu, kisha weka kivuli.
4. Mwagilia maji asubuhi na jioni.
5. Punguza kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua.
6. Hamisha miche mvua zinapoanza. Palilia, na zuia mbuzi na moto.

Ukiona mti adimu usioufahamu, usiukate wala usichume matunda yake. Mwite bwana misitu auone.

Shoka hukata mti kwa saa moja. Mti hukua miaka mingi.

Maswali

1. Kwa nini ni vigumu kupata miche ya Karomia?
2. Ni mti gani uliokuwa mwingi kijijini kwenu zamani, na sasa hauonekani?
3. Nani kati yenu anajua mbegu zake zinapatikana wapi?