Mafuta ya Taa: Hatari Iliyomo katika Chupa ya Soda

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo, kwa ajili ya kibatari au jiko la utambi. Mnunuzi huchukua chombo kilicho karibu, nacho aghalabu ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hapo ndipo ajali huanza. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, wala harufu kwake si onyo. Ila chupa anaifahamu, na anajua kwamba kilichomo hunywewa.

Watu wengi hudhani kwamba madhara ya mafuta hayo yamo tumboni. Kwa kweli hatari kubwa imo mapafuni. Mafuta ya taa ni mepesi, hayanati kama mafuta ya kupikia, na huenea upesi. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili, mbali na moto, kwa kudondosha tone la maji na tone la mafuta ya taa juu ya sahani ya plastiki: maji hubaki yamejikusanya, mafuta hutandaa. Ndivyo ilivyo mwilini. Kooni njia ya chakula hupakana na njia ya hewa. Mtoto akipaliwa, matone machache huteleza hadi mapafuni na kuharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Mapafu huvimba, na oksijeni hushindwa kuingia katika damu ya kutosha. Kikohozi, kupumua kwa haraka na homa huweza kutokea mara moja, au baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo kumtapisha mtoto, ama kwa kidole ama kwa maji ya chumvi, ni kosa kubwa: mafuta yaliyokwisha kupita kooni hurudishwa hapo mara ya pili. Maziwa nayo si dawa, kwani huweza kumtapisha. Yampasa mzazi amvue mtoto nguo zilizolowa, amwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha ampeleke hospitali bila kukawia, pamoja na chupa yenyewe, hata kama mtoto anaonekana mzima.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1970 iliweka msingi wa kuagiza kwamba bidhaa za hatari za nyumbani ziwe na vifuniko ambavyo watoto wa chini ya miaka 5 huona vigumu kuvifungua. Lakini kifuniko hulinda tu maadamu kitu kimo katika chombo chake. Mafuta ya taa, dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya wadudu vikihamishiwa katika chupa ya kinywaji, ulinzi wote umepotea.

Basi mafuta yatengewe dumu lisilofanana na chombo chochote cha kinywaji, lenye kifuniko cha kubana, na liwekwe ndani ya kabati lililofungwa. Mtumiaji alirudishe mara tu amalizapo kujaza kibatari, kwani dakika chache za kusahau zamtosha mtoto mwenye kiu.