Tone la Kisigino

Mimi ni mkunga hapa Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Mtoto wa mama mwenye kisukari, au aliyezaliwa njiti, simngoji alegee. Sukari hushuka kimya kimya. Kwanza anyonye. Kisha napasha kisigino joto, nadunga pembeni, kamwe si katikati karibu na mfupa. Tone la kwanza nalifuta kwa pamba, la pili nalipima.

"Sista, mbona wamtoboa mgeni?" nyanya mmoja alinigombeza.

"Nyanya, ubongo wake unakula sukari."

Mashine ya kupima sukari ikisoma chini ya 2.6 mmol/L, namwita daktari: maziwa zaidi, au glukosi ya asilimia 10 mshipani. Mashine hizi hukosea sukari ikiwa chini sana, kwa hivyo damu nyingine huenda maabara, ila matibabu hayangoji majibu. Nusu saa baadaye napima tena, kisigino cha pili.