Miezi Sita ya Neema: Jeni Inayolala Ndani ya Mtoto wa Selimundu

Kwa miezi mitano au sita ya mwanzo mtoto huyu hana tofauti na wenzake. Ananyonya vizuri, anacheka akichezewa, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki unapanda kila mwezi. Kisha usiku mmoja anaamka akilia na habembelezeki. Vidole vya mikono vimevimba, nyayo zimevimba, ukimgusa anapiga ukelele. Macho yameingia umanjano. Nyumbani kila mtu ana lake. Bibi anasema mtoto amepatwa na jicho la mtu. Jirani anashauri apelekwe kwa mganga anayemjua. Shangazi, dada wa baba, anauliza kwa sauti ya chini kama kwao mama hakuna ugonjwa wa namna hiyo.

Majibu ya maabara yanasema ni selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, na kwamba mtoto alizaliwa nao. Hapo wazazi huuliza swali ambalo lina haki ya kujibiwa vizuri: kama alizaliwa nao, mbona miezi yote ile alikuwa mzima?

Swali hilo likijibiwa kikamilifu, msomaji atakuwa ameelewa kazi mbili kubwa za jeni, yaani kurithisha sifa kutoka kwa wazazi na kuujenga mwili hatua kwa hatua. Tena ndani ya jibu hilo ndimo wanasayansi walimoikuta njia ya tiba.

Herufi moja

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili wako mna kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Humo mmeandikwa maelekezo ya kutengeneza protini za mwili, jeni zipatazo 20,000, kwa alfabeti ya kemikali nne zinazofupishwa A, T, G na C. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja, na asidi amino zikiungana kama shanga kwenye uzi huwa protini.

Moja ya jeni hizo iko kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya mnyororo uitwao beta. Minyororo miwili ya beta ikikutana na miwili ya alfa, hutokea hemoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Mnyororo wa beta una shanga 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, shanga ya sita peke yake ndiyo iliyobadilika. Palipopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG, na asidi amino iitwayo valini imekaa kwenye nafasi ya asidi ya glutamiki.

Je, herufi moja inaweza kuleta mateso yote yale? Andika "mtoto anakula", kisha badili herufi moja tu, *l* iwe *f*.

Asidi ya glutamiki hupatana na maji, lakini valini huyakimbia. Hemoglobini yenye valini ikishaachia oksijeni yake, hunata kwa jirani yake, jirani hunata kwa mwingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe ya damu. Chembe nyekundu iliyokuwa duara na laini hupinda kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo na kuzuia damu kufika kwenye mifupa, na hayo ndiyo maumivu makali ya vidole vya yule mtoto. Zikiziba mishipa ya ubongo huleta kiharusi. Bandama huharibika mapema, na mtoto hubaki bila mlinzi wake muhimu dhidi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Tena chembe hizi hazidumu. Ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Daktari James Herrick wa Chicago aliziandika chembe hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye hemoglobini yenyewe, na mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaipata ile asidi amino moja iliyobadilika. Hapo ndipo wanadamu walipoona kwa mara ya kwanza kwamba badiliko la jeni hubadili protini mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Shilingi mbili hewani

Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba, madaktari huandika A kwa nakala ya kawaida na S kwa iliyobadilika. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS ni mbebaji. Nakala yake ya A inatosha kumpa afya, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ni kama wawili hao kurusha shilingi, kila mmoja na yake. Mara moja kati ya nne mtoto hupata AA, mara mbili AS, na mara moja SS. Kanuni hii ya kugawana nakala aliigundua mtawa Gregor Mendel kwa kupanda njegere kwenye bustani ya monasteri yake huko Brno, na akaichapisha mwaka 1866, kabla neno jeni halijatungwa.

Hapa kuna kosa linalowaumiza wengi. Wazazi wakiambiwa "mmoja kati ya wanne", na mtoto wa kwanza akawa mgonjwa, hudhani watatu wanaofuata wamesalimika. Shilingi haina kumbukumbu. Kila mimba inaanza hesabu upya, na nafasi ni ileile, asilimia 25.

Kosa la pili ni la lawama. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Yule shangazi anayenong'ona juu ya ukoo wa mama angepaswa kujua kwamba nusu ya jibu imo kwenye ukoo wake mwenyewe. Ndoa zimevunjika na kina mama wamerudishwa kwao na watoto wagonjwa mgongoni kwa kukosa somo hili la dakika tano.

Kwa nini jeni hii imetukaa

Ugonjwa unaoua watoto wengi kiasi hiki ungetarajiwa kutoweka kizazi baada ya kizazi. Mbona upo, tena hasa kwetu?

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alirudi mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford na kukusanya sampuli za damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, zaidi ya watu 20 katika kila 100 kwenye baadhi ya jamii. Kwenye nyanda za juu kati ya sehemu hizo mbili hawakufika hata mmoja kwa mia. Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa tofauti ya maeneo hayo. Pwani na ziwani kuna mbu wa malaria mwaka mzima, na milimani kuna baridi.

Mwaka 1954 Allison alichapisha ushahidi wake kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Sababu mojawapo ni kwamba chembe ya mbebaji ikiingiliwa na kimelea huharibika mapema, na bandama huiondoa kabla kimelea hakijazaana. Kwa hiyo nakala moja ya S iliwaokoa babu na bibi zetu wengi walipokuwa watoto, na kwa kuwa waliokoka, wakairithisha. Gharama ya wokovu huo ndiyo anayoilipa mtoto aliyepata nakala mbili. Yeye malaria haimwogopi. Damu yake ni haba tangu mwanzo, na homa moja inaweza kumuua.

Foleni ya kromosomu ya 11

Sasa turudi kwenye miezi ile sita.

Seli zako za ini, za ngozi na za jicho zina jeni zilezile. Zimetofautiana kwa sababu kila aina huwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Mwili wote, kuanzia yai moja lililorutubishwa hadi mtu mzima, hujengwa kwa kuwasha na kuzima kwa mpangilio na kwa wakati wake. Hali ni hiyo kwa binadamu, kwa kifaranga ndani ya yai na kwa mche wa mwembe.

Ukitaka kuuona mpangilio huo waziwazi, tazama hemoglobini. Kwenye kromosomu ya 11, jeni ya beta haiko peke yake. Ziko tano kwenye mstari, na zimepangwa kama foleni kwa utaratibu ambao zitatumika maishani. Ya kwanza huwaka wiki za mwanzo, wakati damu inatengenezwa kwenye kifuko kinachoambatana na kiinitete. Kisha hufuata mbili za gama, zinazofanya kazi damu inapotengenezwa zaidi kwenye ini la mtoto aliye tumboni. Hemoglobini ya gama hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mtu mzima, na ndivyo mtoto anavyoweza kuivuta oksijeni kutoka damu ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Mwishoni kabisa mwa foleni ndipo ilipo beta. Karibu na kuzaliwa gama huanza kuzimwa na beta hushika zamu, huku damu ikitengenezwa kwenye uloto wa mifupa. Makabidhiano hayo huchukua miezi kadhaa.

Jibu la wazazi ni hilo. Kosa la selimundu limo kwenye jeni ya beta, na kwa miezi ya mwanzo mtoto anaishi kwa gama, ambayo haina kosa lolote. Gama inapopungua na beta kujaa, mundu unatokea. Janet Watson, daktari wa watoto huko Brooklyn, aliliona jambo hili mwaka 1948, alipogundua kwamba damu ya watoto wachanga wenye selimundu haipindi kama ya mama zao.

Na jeni ya gama haikufutwa. Mgonjwa wa miaka 5 au 40 bado anayo, nzima, ila imelala.

Kuiamsha

Wako watu ambao gama yao haizimwi sawasawa. Mashariki mwa Saudi Arabia, kwa mfano, wagonjwa wengi wa SS hubaki na hemoglobini ya utotoni kwa wingi, na ugonjwa wao huwa mwepesi. Kwa kulinganisha damu za watu wa namna hiyo, watafiti walifika kwenye jeni moja ya kromosomu ya 2 iitwayo BCL11A. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin huko Boston walionyesha kwamba protini ya jeni hii ndiyo inayoizima gama.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayotumia ugunduzi huo. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, swichi ya BCL11A ndani yake hukatwa kwa mkasi wa kibaiolojia uitwao CRISPR, kisha seli hurudishwa mwilini, na gama huamka. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Familia ya Sengerema au Mtwara haiwezi hata kuiwaza.

Lakini kipo kidonge kinachoiamsha gama kwa kiasi fulani, nacho ni haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa watoto wetu dawa hii ni salama. Ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Upandikizaji wa uloto nao umeanza kufanyika Dodoma, ingawa unahitaji mtoaji anayelingana na mgonjwa na gharama kubwa.

Muda tuliopewa

Inakadiriwa kwamba Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, ambao wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, wamesaidia kuuonyesha ulimwengu kwamba ugonjwa huu unaweza kudhibitiwa hapa hapa. Kwa kiasi kikubwa vifaa vyenyewe si vya ajabu. Ni penisilini ya kila siku kuanzia miezi ya mwanzo, chanjo ya nimonia, kinga ya malaria, asidi ya foliki, maji ya kunywa ya kutosha, na mzazi aliyefundishwa kupapasa bandama na kukimbilia hospitali homa inapopanda.

Vyote hivyo vina sharti moja: tujue mapema. Tone la damu kisiginoni mwa mtoto aliyezaliwa leo linatosha kutoa jibu, na vijana wanaochumbiana wanaweza kujua hali zao kwa kipimo kimoja kabla hawajapanga tarehe ya harusi.

Jeni ya gama humlinda mtoto kwa nusu mwaka bila kudai chochote. Mtoto aliyepimwa siku ya kuzaliwa huufikia mwezi wa sita akiwa amechanjwa, anatumia penisilini, na wazazi wake wanajua la kufanya. Asiyepimwa hutumia miezi hiyohiyo akinenepa na kucheka, wala nyumbani hakuna anayejua kwamba siku zinahesabika. Tuwapime watoto wetu wakiwa bado wodini, siku zote hizo zikiwa bado mbele yao.