UZI: Tangi limejengwa, sawa. Nani anapima maji yaliyomo?

1/ Kanuni zetu ni zile zile: hakuna majina ya wanasiasa, hakuna vyama. Leo tuchambue sentensi ambayo haikosi kwenye mjadala wa kaunti: "Tumewaletea wananchi matangi." Makofi yanapigwa, mwendeshaji anaruka swali lingine. Mimi husubiri swali moja ambalo haliji: maji ya ndani ya hayo matangi yalipimwa lini mara ya mwisho, na majibu yako wapi?

2/ Sayansi kidogo kwanza. Maji yakitibiwa, huwekwa klorini ya kuua vijidudu na kubaki na ziada kidogo ya kuyalinda njiani. Shirika la Afya Duniani linataka ziada hiyo isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapoyachota. Shida ni kwamba klorini haikai milele. Joto, siku zikipita, na tope lililolala chini ya tangi, vyote vinaimaliza.

3/ Sasa weka mgao wa maji hapo. Nairobi iliingia kwenye mgao Januari 2017, na wengi wetu tumezoea kuishi kwa ratiba. Maji yanakuja siku fulani, yanajazwa, yanakaa. Mfuniko umepasuka, njiwa wanatua, mjusi anaanguka ndani. Kwa hivyo maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi kabisa na kufika kwenye kikombe chako yakiwa na kinyesi. Kampuni ya maji haikudanganya. Ni vile hakuna aliyeangalia tangi.

4/ Na hii si hofu ya mtandaoni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi na kuvuka hadi 2023. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa. Hakiulizi kama tangi lilizinduliwa kwa utepe.

5/ "Kupima maji" ni nini hasa? Si kuyaangalia kwenye glasi. Ni mambo kama haya:
– Klorini iliyobaki: kidonge kwenye chupa ndogo, maji yanageuka waridi, unalinganisha rangi. Dakika chache tu.
– Ukungu wa maji: yakiwa na tope, klorini haifanyi kazi vizuri.
– pH: kati ya 6.5 na 8.5.
– Bakteria wa E. koli: wasiwepo hata mmoja katika mililita 100. Hapa unahitaji maabara na karibu siku moja.
Kama tangi linajazwa na kisima, hasa Bonde la Ufa, ongeza floraidi. Kiwango cha juu ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuitoi, klorini pia haiitoi.

6/ Sheria inasema nini? Katiba, Kifungu cha 43(1)(d): kila mtu ana haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Jedwali la Nne linaipa kaunti huduma za maji na usafi. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, WASREB inasimamia kampuni za maji. Lakini kwa kawaida kampuni ikifika kwenye mita yako, imemaliza. Baada ya mita ni tangi la mwenye nyumba. Hapo ndipo kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

7/ Sikiza hii sasa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, kifungu cha 118, inahesabu tangi la maji ya kunywa lililochafuliwa kuwa kero kwa afya, liwe la umma ama la mtu binafsi. Afisa wa afya ya umma ana nguvu ya kuagiza lirekebishwe. Kwa hivyo mgombea akisema "hilo ni jambo la landilodi," amejibu nusu. Landilodi anaosha, kaunti inakagua.

8/ Mbona basi tunahesabu matangi na si vipimo? Fuata bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 kwa maendeleo. Kununua tangi ni maendeleo. Klorini, vidonge vya kupimia na mshahara wa fundi wa maabara ni matumizi ya kawaida, yale yale tunayoyapigia kelele kila mwaka. Tena tangi linapigwa picha. Kipimo kikiwa kizuri, hakuna habari.

9/ Wapo watakaosema: matangi ni mengi mno, na ukimtuma bwana afya kila ploti umemfungulia mlango wa kitu kidogo. Hoja zote mbili ni za kweli. Ndiyo maana hauanzi na kila ploti. Anza na shule, zahanati, soko na vioski vya maji, kisha maghorofa makubwa. Na majibu yabandikwe kwenye tangi lenyewe: tarehe, klorini, E. koli. Karatasi ambayo kila mtu anaisoma ni ngumu kuinunua.

10/ Mimi naishi kwenye ghorofa yenye tangi juu ya paa. Nilimuuliza keateka lilioshwa lini. Akacheka, akaniambia alilikuta hapo. Simlaumu yeye. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

11/ Kwa hivyo mjadala ujao, tuma haya matatu kwa mwendeshaji:
a) Mwaka jana kaunti ilipima matangi mangapi ya umma, na mangapi yalifeli?
b) Yaliyofeli yalifanywa nini, na baada ya siku ngapi?
c) Pesa za kupima ziko wapi kwenye bajeti?

12/ Na usingoje mjadala. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuandikia kaunti barua na kuomba hayo majibu. Wana siku 21. Wakijibu, leta hapa tusome pamoja. Wakinyamaza, leta pia. Hata kunyamaza ni jibu la kupeleka kwenye mjadala.